Wanamuziki wa Njiani na Kiswahili Walichobeba



Nilipowaambia watu wa nyumbani kwamba ninakwenda kusomea ualimu wa Kiswahili, marehemu bibi yangu aliniuliza kama nimeamua kuwa askari. Hakuwa akitania. Kwa mtu wa rika lake aliyeishi hapa Ankole, Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Swali lile lilinirudia mwezi Agosti uliopita, nikiwa nyuma ya pikapu iliyosheheni spika, ngoma, magitaa mawili na vijana wanane, tukitoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kwenda kupiga muziki katika mitaa ya Mbarara.

Wewe unayejifunza lugha hii bila shaka umekwisha kusoma kwamba Kiswahili kilienezwa na wafanyabiashara wa misafara, wamisionari, serikali za kikoloni na majeshi. Hayo ni kweli. Ila orodha hiyo, ambayo hata mimi niliikariri chuoni, humsahau mtu mmoja: mpiga gitaa asiye na mwajiri, anayehama mji hadi mji akitafuta ukumbi na chakula cha jioni. Leo nataka tumfuate huyo.

Tuanzie Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana akipiga gitaa barabarani katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco. Alikuwa na gitaa moja tu, lakini vidole vyake vilikwenda kwa namna ambayo msikilizaji hudhani wapigaji ni wawili. Wimbo wake Masanga ulirekodiwa, ukavuka mipaka ambayo yeye mwenyewe alikuwa hajaivuka, naye aliimba kwa Kiswahili cha Katanga. Baadaye alivuka. Yeye na ndugu yake Edouard Masengo walifika Nairobi, ambako kampuni za biashara ziliwatumia kutangaza bidhaa, na vijana wengi wa Kenya wakajifunza gitaa kwa kuwaigiza. Bosco aliishi na barabara hadi mwisho: alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Kizazi kilichofuata hakikusafiri mmoja mmoja. Kilisafiri bendi nzima. Bendi iliyoanzishwa na Mutonkole Longwa Didos nchini Kongo mwaka 1967 kwa jina la Super Vox ilipitia Zambia na Tanzania, ikaingia Nairobi mwaka 1974, na huko ikajulikana kama Super Mazembe. Samba Mapangala alizaliwa Matadi, karibu na bahari ya Atlantiki, akapanda kuelekea mashariki hadi Kampala, akaunda kundi la Les Kinois, kisha mwaka 1977 akahamia Nairobi. Alipounda bendi nyingine mwaka 1981 aliiita Virunga, jina la milima ya volkano iliyo kati ya Kongo, Rwanda na Uganda. Mtu aliyezaliwa upande wa bahari alichukua jina la milima ya upande wetu. Hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Usidhani ilikuwa safari ya starehe. Bendi nyingi za wakati huo hazikumiliki hata nyaya. Ala zilikuwa mali ya mfanyabiashara au ya taasisi, na mwenye ala ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mwanamuziki aliyegombana naye aliondoka na sauti yake tu. Juu ya hayo kulikuwa na suala la vibali. Nairobi katika miaka ya 1980 wanamuziki wengi wa kigeni walikosa vibali vya kazi, na bendi ambazo nyimbo zao ziliimbwa katika kila baa zikasambaratika, si kwa kukosa wasikilizaji bali kwa kukosa karatasi.

Sasa turudi Uganda, kwa sababu hapa hadithi ina pande mbili, na upande mmoja ni mchungu.

Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikukipendekeza Kiswahili kwa watu. Kilikuwa tayari lugha ya kambi za jeshi na ya vizuizi vya barabarani, na katika miaka ile kusimamishwa kwenye kizuizi kulikuwa jambo ambalo wengine hawakurudi kulisimulia. Kisha ikaja vita. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia eneo la Kagera, Tanzania, yakaua na kupora. Tanzania ilijibu. Mwishoni mwa Februari 1979 jeshi lake liliingia Masaka na Mbarara, na majengo mengi ya miji hiyo miwili yakalipuliwa kulipiza kisasi cha Kagera. Wakombozi walizungumza Kiswahili, kama walivyozungumza askari waliokuwa wakikimbia. Raia wa Mbarara aliyerudi akakuta duka lake ni kifusi hakuwa na sababu ya kutofautisha lafudhi.

Sikuambii haya ili uichukie lugha unayojifunza. Nakuambia kwa sababu ukija kuzungumza Kiswahili na mzee wa hapa na akakujibu kwa Kirunyankole au kwa Kiingereza, usidhani hakukuelewa.

Katika miaka hiyohiyo, kwenye barabara hizohizo, Kiswahili kingine kilikuwa kikisafiri. Orchestra Makassy ilianzia Kampala katikati ya miaka ya 1970, chini ya mwimbaji Mzee Makassy, ikiwa na wanamuziki wa Uganda na wa Zaire. Hali ilipozidi kuwa mbaya bendi ilihamia Dar es Salaam. Mwaka 1978, mwaka uleule wa uvamizi wa Kagera, ilimpokea kijana kutoka Kindu, mashariki mwa Kongo, aliyeitwa Ramadhani Mtoro Ongala. Ulimwengu ulikuja kumjua kama Remmy Ongala. Alipojiunga na Matimila, bendi ambayo ala zake zilikuwa za mfanyabiashara mmoja, aliimba kuhusu maskini, kifo na fedheha ya kukosa pesa, kwa Kiswahili ambacho mtoto wa shule ya msingi angekielewa. Mwaka 1988 alizunguka na maonyesho ya WOMAD, na mwaka uliofuata albamu yake ilitoka Uingereza kwa jina la Songs for the Poor Man. Alifariki Dar es Salaam Desemba 2010.

Hebu fikiri. Bendi iliyoanzia Kampala, ikaukimbia utawala ulioufanya Kiswahili kiogopwe, ikaenda kuimba kwa Kiswahili mahali pengine. Wanamuziki wale hawakuwa na neno rasmi la kuwaita. Wengi wao, kwa sheria za leo, tungewaita wakimbizi.

Nakivale inapokea watu wa namna hiyo tangu mwisho wa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipoanza kuingia. Leo wapo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine, na Kiswahili ndicho kinachowawezesha wengi wao kununua maharage kwa mtu wasiyejuana naye lugha ya nyumbani. Vijana niliosafiri nao husema batu pale kitabu kinaposema watu, na banakuya pale kinaposema wanakuja. Mwanzoni niliwasahihisha kila mara. Siku moja nikaisikiliza upya rekodi ya zamani kutoka Katanga na kutambua kwamba nilikuwa nikijaribu kumsahihisha Mwenda Jean Bosco. Darasani bado nadai watu, kwa sababu mtihani hautanihurumia mimi wala wao. Nje ya darasa nimenyamaza.

Safari yetu ya Agosti ilihitaji karatasi. Chini ya sheria ya mwaka 1960 iliyohusu wakimbizi, mkimbizi alipangiwa mahali pa kuishi, na kutoka makazini bila ruhusa lilikuwa kosa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliibadilisha hali hiyo: inamtambulia mkimbizi haki ya kwenda atakapo ndani ya Uganda, kwa mipaka iliyowekwa na sheria, pamoja na haki ya kutafuta kazi. Hata hivyo haki iliyoandikwa na haki inayotambuliwa saa moja asubuhi barabarani si kitu kimoja, kwa hiyo nilibeba barua mbili. Ya kwanza niliiandika mwenyewe kwa Kiswahili sanifu, nikiorodhesha majina ya vijana, nambari za vitambulisho vyao na, kwa fahari ya mwalimu, “ala za muziki” tulizobeba. Ya pili ilikuwa kwa Kiingereza, ya uongozi wa makazi.

Kutoka Nakivale hadi Mbarara ni kilomita 60 hivi. Kwanza vumbi jekundu, kisha migomba ya Isingiro isiyokwisha, kisha lami. Tulisimamishwa kabla ya mji. Askari alikuwa na adabu. Aliisoma barua yangu ya Kiswahili polepole, akafika mahali fulani, akanyanyua macho.

“Mwalimu, hapa umeandika ala. Ala najua ni ya kisu. Visu viko wapi?”

Kabla sijafungua kinywa kueleza kwamba neno hilo lina maana zaidi ya moja, mpiga gitaa wetu aliinama kutoka juu ya spika. “Ni vyombo, afande. Vyombo vya muziki.” Askari alitazama gitaa, akatazama ngoma, akacheka na kuturuhusu. Miaka yangu ya stashahada haikusaidia kitu asubuhi ile.

Tulipiga mahali patatu. Karibu na soko watu walipita tu. Wachuuzi wa nyanya walitutazama kama watu tunaowazibia wateja. Mahali pa pili mchoraji wetu, msichana wa miaka kumi na tisa, alitandika karatasi chini na kuchora nyuso za wapita njia huku wenzake wakipiga, na hapo ndipo watu walipoanza kusimama. Nawe ukitaka kujua kwa nini wanamuziki wa mitaani hupenda kusafiri na mchoraji, jibu ni hilo: mtu anayechorwa hawezi kuondoka.

Mahali pa tatu alikuwapo mzee mwenye fimbo, amekaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Nilimwamkia kwa Kirunyankole, kisha nikamwuliza kama anaelewa wanachoimba.

“Kiswahili nakijua,” alisema. Akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa Kiswahili: “Simama. Lala chini. Mikono juu. Leta pesa. Toka.” Vidole vikaisha. “Hicho ndicho nilichofundishwa.”

Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa. Kijana aliyekuwa akiimba alikuwa ametunga wimbo kwa mama yake, ambaye alimwacha nyuma yao siku walipokimbia kijiji, na kiitikio kilirudia neno moja tena na tena. Baada ya muda mzee aliniuliza neno lile ni nini. Nikamwambia ni “nisamehe”, nikamtafsiria. Aliuliza ni nani anayeombwa msamaha. Nikamwambia ni mama. Alitikisa kichwa, akanyamaza, akakaa hadi mwisho wa nyimbo zote, ingawa jua lilikuwa limehamia upande wake wa ngazi. Alipoinuka alitia noti ya shilingi 2,000 katika kofia na kuondoka bila kuaga.

Jioni tulikuwa na ukumbi. Mwenye ukumbi alikuwa ameahidi shilingi 200,000. Usiku alitoa 50,000 na maelezo marefu. Kofia ya mitaani ilikuwa imeleta 87,000. Pikapu tuliikodi kwa 150,000. Vijana walipiga hesabu hiyo mara mbili chini ya taa ya kituo cha mafuta, wakanikabidhi upungufu wa 13,000 kama mtu mkubwa wa msafara, nami nikaulipa. Nadhani Mzee Makassy angeitambua hesabu ile bila kuelezwa.

Tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Nafurahi, kwa kuwa uamuzi huo unanipa kazi. Lakini somo la lazima nalo ni amri, na wapo nyumbani kwetu watu waliosikia amri za kutosha kwa lugha hii. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili huanza na rekodi, si na ngeli. Ngeli huja wiki ya tatu, nao hulalamika ipasavyo.

Vijana sasa wanataka kwenda Masaka, mji mwingine uliolipuliwa mwaka 1979. Njia hiyo ni ndefu zaidi na ina vizuizi zaidi. Jana usiku nimeandika barua ya safari, majina manane na nambari zao, na chini yake, baada ya kufuta mara moja: vyombo vya muziki.