Somo la Afya: Njaa ya Jana na Shibe ya Leo

Leo tutasoma historia, lakini si ya vita wala ya wafalme. Ni historia ya miili ya watoto wetu.

Tuanzie hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru. Zamani mtoto alipanda na kushuka mlima akienda shamba, akichota maji, akibeba kuni. Alikula mihogo, ndizi, mahindi na mboga. Hofu ya mama ilikuwa njaa, malaria, na maradhi ya mtoto kuvimba miguu kwa kukosa chakula bora. Mwaka 1973 serikali iliunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika kusikiliza redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya". Mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai".

Sasa tazameni hesabu. Uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa mtu kama 1 tu katika kila watu wazima 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa nchi nzima ulikuta watu 9 hivi katika 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Waliopimwa hawakuwa wa umri mmoja, lakini badiliko ni kubwa.

Ugonjwa huu huanza polepole, tangu utotoni. Mtoto anywa soda kila siku, apelekwa shule kwa bodaboda, jioni akaa mbele ya televisheni. Mafuta hujikusanya kiunoni. Akibalehe, mwili huitikia insulini kidogo kuliko kwanza. Insulini ndiyo inayoondoa sukari katika damu. Kijana mwembamba hustahimili. Mnene hulemewa, na pengine damu yake hupanda shinikizo.

Tena, mtoto aliyezaliwa mwepesi kwa sababu mamake alikosa chakula, kisha akanenepa haraka, yumo hatarini zaidi. Basi njaa ya jana na shibe ya leo ni ndugu.

Tufanye nini? Kwanza, mama mjamzito ale vizuri. Pili, mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6. Tatu, maji yachukue nafasi ya soda. Nne, mtoto acheze na kufanya kazi walau dakika 60 kila siku. Wala tusidhani kwamba kila unene ni afya.

Maswali ya kujadili:
1. Ulipokuwa na miaka 12, ulikwendaje shule? Mwanao je?
2. Jana mwanao alikunywa nini?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.