Subira ya Wapatanao: Habari za Mkataba wa Mwaka 1873

Nungwi ni mji wa ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, na watu wake tangu zamani ni wavuvi na mafundi wa vyombo. Atakaye kujifunza namna ya kupatana bei na ashuke pwani yake. Mvuvi afikapo na samaki hana muda wa kungoja: jua lapanda, samaki waharibika, na mnunuzi ajuaye hayo hunyamaza tu mpaka bei ishuke. Bali fundi aliyemaliza mashua hana hofu hiyo. Mteja akitaja bei ndogo, fundi humkaribisha aketi, humwuliza habari za nyumbani, kisha huendelea kutia kalafati. Na mteja aliyekusudia kusafiri msimu huu mwishowe huongeza. Basi twaona kwamba subira katika mapatano si upole wa tabia tu. Ni kujua wakati wamsaidia nani, na wamwumiza nani.

Jambo hili twalikumbuka tusimuliapo jinsi soko la watumwa la Mkunazini lilivyofungwa, kwa kuwa kanisa kuu letu limejengwa mahali pale pale. Wengi hudhani kwamba lilifungwa kwa amri ya siku moja. Sivyo. Lilifungwa kwa mapatano marefu, na bahari ile itazamwayo na watu wa Nungwi, iendayo Pemba, ilikuwa sehemu ya shauri lenyewe.

Kwa mkataba wa mwaka 1845 Seyyid Said alikuwa amekubali kwamba watumwa wasipelekwe nje ya nchi zake za Afrika. Lakini njia ya kutoka Kilwa mpaka Unguja, Pemba na Lamu iliachwa wazi, na makisio ya baadaye yalitaja watu wapatao 20,000 waliopitishwa kila mwaka. Mwezi wa Januari 1873 akafika Sir Bartle Frere, mtu mwenye cheo kikubwa, aliyetumwa na Serikali ya Uingereza pamoja na barua ya Malkia, ili ampatie Seyyid Barghash mkataba mpya wa kukataza biashara hiyo kabisa.

Seyyid Barghash hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alikuwa na hoja, nazo hazikuwa za uongo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilikuwa imepiga Unguja, ikang'oa mikarafuu iliyo mingi na kuzamisha manowari zake. Akasema kwamba raia zake wamekwisha kufilisika, na kuwanyima watumwa wakati huo ni kuwamaliza. Nao wangaliweza kumwasi. Tena alitumaini kwamba taifa jingine, hasa Wafaransa, litamsaidia. Kwa hiyo akashika njia ya fundi wa mashua: hakutukana wala hakufukuza mtu, akangoja. Naye Frere alikuja kama mnunuzi mwenye safari. Kila mtu alijua kwamba hatakaa, na anayejulikana kuwa ataondoka hushindwa na anayekaa. Mwezi wa Machi akaenda zake pasipo sahihi.

Aliyebaki ni balozi, Dokta John Kirk. Huyu aliishi Unguja tangu mwaka 1866, kwanza akiwa tabibu na naibu wa balozi. Aliwajua wakuu wa mji, akajua Seyyid anahofu nini na anatumaini nini. Mapema mwezi wa Juni amri ikafika kutoka London: mkataba usipotiwa sahihi, manowari zitazingira kisiwa. Kuzingirwa maana yake ni bandari kufungwa, na ushuru wa forodha ndio uliokuwa tegemeo la serikali ya Seyyid. Kirk akalieleza jambo hilo mbele ya Seyyid na washauri wake, naye Seyyid alikuwa amekwisha kuona kwamba Wafaransa hawaji. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi. Kuchukua watumwa baharini kukakatazwa, na masoko yote ya watumwa yakafungwa.

Haitupasi kuficha kwamba mizinga ilikuwa nyuma ya maneno. Mapatano yale hayakuwa ya watu wawili walio sawa. Hata hivyo nguvu peke yake haikutosha, kwa maana mtu aliyelazimishwa tu huvunja neno mara mlinzi akigeuza uso. Seyyid Barghash hakufanya hivyo. Wafanya biashara walipoanza kuwapeleka watumwa kwa miguu kufuata pwani, yeye mwenyewe mwaka 1876 alitoa amri ya kuikataza njia hiyo. Tena saa iliyo katika mnara wa kanisa letu, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Noeli 1873, ni zawadi yake. Aliyeachiwa heshima yake katika mapatano aweza kuwa mwenzi baada ya mapatano.

Lakini twaulizwa: je, ni vema kusifu subira hii yote? Wakati Seyyid alipongoja na Frere alipoandika barua, kusi ilikaribia, ndio upepo uliochukua majahazi kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Waliofungwa humo hawakuketi barazani, wala hakuna aliyewauliza bei. Kwao kila siku ya kungoja ilikuwa kama jua juu ya samaki wa mvuvi. Na mkataba haukuwamalizia taabu yao: mikarafuu ya Pemba, iliyosalimika na tufani, ilitaka mikono, na majahazi yaliendelea kuvuka usiku. Mwezi wa Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipotaka kukagua jahazi la namna hiyo. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa ilikuja mwaka 1897, miaka ishirini na minne baada ya sahihi ya Seyyid, na hata hiyo iliwataka watumwa waende wenyewe barazani kudai uhuru wao.

Wazee husema subira yavuta heri, nasi twakubali. Mwenye kupatana na ajue haja ya mwenziwe, asitangaze haraka yake, tena amwachie mlango wa kutokea kwa heshima. Lakini kabla ya kuketi kungoja na aulize kwanza: gharama ya kungoja kwangu ailipa nani? Ikiwa ailipa mwenyewe, na asubiri kadiri awezavyo. Ikiwa ailipa mwingine asiyekuwapo barazani, basi subira hiyo si mali yake, na haifai kuitumia kama kwamba ni yake.