Kwa nini ruta mpya ina tundu la 2.5?

Umelipia faiba ya gigabiti 2 kwa sekunde, lakini ukipima kasi kompyuta inagota kwenye megabiti 940 hivi. Kabla hujampigia simu mtoa huduma, hebu turudi nyuma kidogo.

Ethaneti ilizaliwa mwaka 1973 kwenye maabara ya Xerox PARC, California. Baadaye kasi ikawa inapanda mara kumi kumi: megabiti 10, kisha 100 mwaka 1995, kisha 1,000 kwenye waya wa shaba mwaka 1999. Mwaka 2006 ikaja gigabiti 10. Hapo ndipo mambo yakawa magumu: ili ifike mita 100 ilitaka waya wa Cat 6A, wakati majengo mengi yalishalazwa Cat 5e ndani ya kuta. Nani abomoe ukuta?

Huku nyuma Wi-Fi nayo ikaanza kuipita gigabiti 1. Basi wahandisi wakarudi hatua chini. Kiwango cha 802.3bz cha mwaka 2016 kikaleta gigabiti 2.5 kwa Cat 5e na gigabiti 5 kwa Cat 6, mita 100 zilezile.

Kwa hiyo ukienda dukani, usibabaishwe na namba kubwa za boksini. Hesabu matundu. Kuna ruta zenye 2.5 upande wa faiba tu, ya ndani yote ni ya 1. Kompyuta yako ya waya itaishia hapohapo. Kagua pia swichi na kadi ya kompyuta. Waya wa ukutani? Soma kwanza maandishi kwenye ganda lake. Huenda unatosha.