Homa ya mafua ya H1N1 (2009)

Homa ya mafua ya H1N1 ni ugonjwa wa njia ya hewa uliogunduliwa Meksiko na Marekani Aprili 2009. Wengi waliuita homa ya nguruwe, jina lililopotosha: homa ya nguruwe ya Afrika, inayoteketeza mifugo, husababishwa na kirusi kingine kabisa na haimwambukizi binadamu. Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliutangaza kuwa janga la dunia. Tarehe 10 Agosti 2010 likatangaza mwisho wa janga hilo. Kirusi chenyewe hakikuondoka. Kilichukua nafasi ya ukoo wa H1N1 uliokuwa ukizunguka kabla yake, na sasa huja kwa misimu. Wagonjwa wengi hupona kwa kupumzika, kunywa maji na dawa ya kushusha homa. Kugeuka kwa kirusi hicho kuwa mafua ya kawaida kumetokana zaidi na kinga waliyoipata watu kwa kuugua au kuchanjwa. Hata hivyo neno “kawaida” lisimlaze mtu: mafua ya msimu, ya aina zote, hukadiriwa kuua watu 290,000 hadi 650,000 kila mwaka. Wajawazito, wazee na wenye pumu wamwone daktari mapema.