Pigana chini ya piga

Hapa Silver Spring, nje kidogo ya Washington, nina orodha ya vitenzi niliyoiandika zamani kwa GrandView, programu ya DOS iliyouzwa na Symantec: piga juu, pigia na pigana chini yake, kama alivyopanga Johnson katika kamusi yake ya 1939. Ukiihamisha kama maandishi matupu, pigana anasimama sawa na mzazi wake. Mnyambuliko wote kwisha, jamani! Dawa ya zamani ni tabu moja kwa kila ngazi (ya kibodi, si ya maisha). OPML aliyoibuni Dave Winer mwaka 2000, yule yule wa ThinkTank ya 1983, humfungia mtoto ndani ya mzazi. Mimi naiamini zaidi. Ila kabla ya kuizima kompyuta kongwe, hesabu ngazi pande zote mbili.