Kutoa kwa Kukopa, na Njia Nyingine

Karibu mwaka 1000, Kushyar ibn Labban, mwanahisabati wa Gilan huko Uajemi, aliandika kwa Kiarabu kitabu cha hesabu za Kihindi. Mfano wake wa kutoa ni 5625 toa 839, naye anaanzia kushoto. Katika 6 huwezi kutoa 8, basi toa katika 56, inabaki 48. Toa 3 katika 82, inabaki 79. Toa 9 katika 95, inabaki 86. Jibu ni 4786. Wakati huo watu walihesabu kwenye ubao wa vumbi: tarakimu ikibadilika, unaifuta kwa kidole na kuandika nyingine palepale.

Mtoto wa shule zetu akifanya hivyo kwenye daftari atajaza ukurasa mikato. Kwa hiyo tunamwanzishia kwenye mamoja, tunamfundisha kukopa. Njia ni nzuri, mpaka ikutane na sifuri. Chukua 503 toa 178. Mamoja hayatoshi, makumi hayana kitu, inabidi kwenda hadi mamia: 5 inakuwa 4, sifuri inakuwa 10, kisha 9, na 3 inakuwa 13. Hapo ndipo wengi hupotea.

Vizazi vya wanafunzi Uingereza vilipita sifuri hiyo bila jasho. Walitoa 8 katika 13, ikabaki 5; kisha badala ya kupunguza juu, wakaongeza chini: 7 ikawa 8. Kumi toa 8, mbili. Moja ya mamia ikawa 2. Tano toa 2, tatu. Jibu ni 325. Ukiongeza kumi juu na kumi chini, tofauti haibadiliki. Ni njia ya werevu, lakini ni watoto wangapi walielezwa sababu hiyo?

Swali hili William Brownell na Harold Moser walilipima Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1949. Watoto walioeleweshwa walifanya vizuri zaidi kwa kukopa. Kwa waliokaririshwa tu, njia ya kuongeza ndiyo iliyotangulia. Kwangu mimi hilo linatosha kutetea kukopa, mradi mwalimu afungue bunda la vijiti kumi mbele ya darasa. Akishindwa hilo, afadhali afundishe ya Waingereza.

Mwenye duka hajali ugomvi huu. Ukimpa 10,000 kwa bidhaa ya 6,350, anapanda tu: hamsini, 6,400, mia sita, 7,000, elfu tatu, 10,000. Chenji yako 3,650, na hakuna aliyekopa.