Lee Jong-beom, Mwana wa Upepo

Katika tarehe ya besiboli ya kulipwa nchini Korea Kusini, iliyoasisiwa mwaka 1982, ni wachache waliopendwa kama Lee Jong-beom, mzaliwa wa Gwangju, ambaye mwaka 1993 alijiunga na Haitai Tigers akawekwa katika ile nafasi ya ulinzi iliyo baina ya kituo cha pili na cha tatu, mahali ambapo mpira huja kwa kasi ukidunda ardhini, na mlinzi sharti auinamie, audake, ageuke na kuutupa kituo cha kwanza kabla mpigaji hajawasili. Kipawa chake kilidhihiri kwa ukamilifu mwaka 1994, alipopata mapigo 196 kwa wastani wa 0.393, akaiba vituo 84, idadi ambayo hata leo haijafikiwa na yeyote nchini humo kwa msimu mmoja. Na lakabu ya Mwana wa Upepo, kwa rai yangu, ilimstahiki.

Mwaka 1998 alihamia Chunichi Dragons ya Nagoya, na mwezi wa Juni mpira uliorushwa ukamvunja kiwiko. Baadaye akapelekwa ulinzi wa nje, jambo ninalolihesabu kuwa hasara kwa mchezo wenyewe. Alirejea kwao 2001, na mwezi wa Machi 2006, akiwa nahodha wa taifa mjini Anaheim, pigo lake la awamu ya nane liliingiza mikimbio miwili, naye akakimbia mikono juu, Korea ikaishinda Japani 2 kwa 1. Alistaafu 2012, na mwanawe, Lee Jung-hoo, aliyezaliwa Nagoya, akatangazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2022, kama babaye mwaka 1994.